Miaka ya Karatasi

Watu wa biro yetu, ofisi ya serikali, wote ni vijana. Ukisoma karatasi zetu, hakuna hata mmoja aliyefikisha miaka sitini. Ukituangalia usoni hiyo ni habari nyingine, lakini nani anaangalia uso wa mtumishi wa serikali? Wanaangalia carte, yaani kitambulisho. Carte yangu inasema: Wenceslas, mzaliwa wa Kasongo, Maniema, mwaka 1970. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alinizaa mwaka 1958, na siku hiyo alikuwa na akili zake zote.

Niseme ilivyokuwa, maana sioni haya tena. Mwaka 2009 walikuja kutuhesabu, na habari ikapita kwamba wazee wote wataondolewa kazini. Basi, mbio! Kila mtu akatafuta karatasi mpya ya kuzaliwa na mashahidi wawili wa kuapa. Mimi nikajipunguzia miaka kumi na miwili. Wako waliojipunguzia kumi na mitano. Mimi nilikuwa na kiasi. Kwa hesabu ya carte ile nilianza kazi ya serikali nikiwa na miaka kumi na mitano, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu wale wa kuuliza nao walikuwa wametoka kuchukua za kwao.

Aliyenicheka ni mtu mmoja tu, Florentine, mke wangu. Yeye alikuwa mtoto wa wavuvi wa Isangi, amezaliwa 1963, na alikataa katakata kugusa tarehe yake. Kwa hiyo kwenye karatasi nikawa mdogo wake kwa miaka saba. Mbele ya wageni aliniita "leki", yaani mdogo wangu kwa Lingala, halafu anakohoa kuficha kicheko. "Leki, kuya kula lituma ya ndizi, upate kukomaa!" Siri ya mtungi aijuaye kata, na nyumbani siri yangu aliijua yeye peke yake. Hata watoto wetu wanajua miaka ile ya carte tu.

Florentine alikufa miaka minne iliyopita. Kwenye matanga nilimsikia mama mmoja akinong'ona: "Kumbe Papa Wence alioa mwanamuke mukubwa kuliko yeye." Nikanyamaza. Chef wetu, mkubwa wa biro, alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwangu, ningesema nini? Nilimwacha mke wangu aende kaburini akiwa mkubwa wangu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo nakaa peke yangu mtaa wa Kabondo, vyumba vitatu na mtu mmoja. Yannick yuko Kinshasa, Chancelle ameolewa Bukavu, wananipigia simu Jumapili kama mtandao umekubali. Napika pondu, majani ya muhogo, ya siku moja, nakula siku tatu. Donc, basi, biro ndiyo ilikuwa nyumba yangu. Watu wanadhani mzee anang'ang'ania kiti kwa sababu ya mshahara. Wapi! Kule asubuhi kuna mtu wa kukusalimu, kukuambia mbote. Madame Delphine, mwenye meza ya dirishani, alikuwa ananiuliza kila siku: "Papa Wence, umelala aje?" na alikuwa anangoja jibu. Franck, mtunza muhuri, alikuwa ananitania kwa sababu ya mkanda wangu, ambao tangu Noeli nilikuwa nimeutoboa matundu mawili mapya. Nyumbani hata redio hainiulizi nimelala aje.

Sasa, mwaka huu mwezi wa pili, ukaja mradi wa kupima watumishi wa serikali saratani ya utumbo, kwenye kituo kimoja cha afya pale Kabondo. Tulikwenda biro nzima, tukapanga mstari. Franck alikuwa anaogopa kwamba watamvua suruali. Tulipofika tukaambiwa ni damu tu, kichupa kimoja, na Franck akaanza kujifanya shujaa.

Mwuguzi alikuwa msichana mmoja mwenye miwani, Mademoiselle Lydie. Alieleza vizuri, bila haraka.

"Tunakamata damu kidogo, laboratoire inaihesabu. Alafu ile hesabu tunaiingiza ndani ya ordinateur, kompyuta hii, pamoja na miaka yako, na kama uko mwanaume ao mwanamuke. Hii ordinateur iko na akili yake, wameifundisha na damu ya batu maelfu na maelfu. Yenyewe njo inatuambia nani tumutume kwa examen ya kuangalia ndani ya utumbo, mbele ya ugonjwa kukomaa."

"Na inaweza kukosea?" nikauliza.

"Papa, inajua tu kile tunaiambia."

Akanyoosha mkono. Nikampa carte. Nikaona kidole chake kikiandika moja, tisa, saba, sifuri. Nyuma yangu alisimama Delphine, nyuma ya Delphine alisimama Franck, na mdomo wangu ulikuwa mzito kama umeshonwa. Nikatoa mkono, akanichoma sindano, ikaisha.

Baada ya wiki tukarudi kuchukua majibu. Mashine ile inatoa rangi: nyekundu uende kwa examen haraka, njano urudi baada ya miezi, kijani uende zako. Sisi wote tulikuwa kijani. Franck akapiga makofi pale uani mpaka wagonjwa wakageuka. "Biro yote iko vert! Tutazikana kwa uzee!" Tulicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote.

Nilipokuwa natoka, Lydie aliniita pembeni.

"Papa, usiogope, iko vert. Lakini ukule muzuri. Damu yako iko chini kidogo, na chembe zake ziko ndogo. Huku kwetu malaria inafanya vile, minyoo inafanya vile. Kwa mutu wa miaka yako mashine haikushtuka. Ingekuwa ya muzee wa makumi sita na kitu, damu hiyohiyo ingepiga kelele." Akatabasamu. "Uko na bahati, papa. Uko kijana."

Kijana! Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kijana wa toleka alinifuata na baiskeli yake akiita, "Papa, panda, tuende," nikamfukuza kwa maneno ambayo hayakumstahili. Mashine ya watu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Mwongo nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kiti cha Florentine nikiwa nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili, nikamwambia kwa sauti, "Leki wako amejiponza." Niliogopa sana siku ile, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba naogopa.

Jumapili Chancelle akapiga simu.

"Papa, unakula?"

"Ninakula."

"Damu balipima?"

"Balipima. Iko vert."

"Mungu iko muzuri, papa!" Watoto wake walikuwa wanalia nyuma, kisha mtandao ukakatika. Sikumpigia tena. Ningeanzia wapi? Nimwambie kwanza kwamba ninaumwa, au kwanza kwamba baba yake ni mzee kuliko anavyojua?

Jumatatu nilirudi kituoni peke yangu, saa ya mchana, wakati hakuna mstari. Nikamwambia Lydie nina swali la kujifunza tu. Nikamwomba aichukue ile hesabu ya damu yangu, bila jina, awaze kwamba ni ya mtu aliyezaliwa 1958. Aliniangalia juu ya miwani. Akaandika, akabonyeza, tukangoja. Kioo cha mashine kikawa chekundu.

"Huyu mutu ni nani, papa?"

"Amekaa mbele yako."

Nilidhani atacheka au atapiga kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivuta kiti chake karibu na changu, akaniuliza kuhusu mkanda, kuhusu choo, kuhusu uchovu, nikajibu yote. Halafu akaniambia kanuni. Mradi unagharamia ile examen kwa watumishi walio kwenye orodha tu, na jina na mwaka lazima vifanane na faili la kazi. Akibadilisha mwaka, karatasi lazima irudi biro kwetu, chef aweke saini na cachet, yaani muhuri.

"Hakuna njia ya pembeni?"

"Papa, njia ya pembeni njo imekuleta hapa."

Nilikasirika, jamani! Mtoto wa juzi, anifundishe mimi! Niliondoka bila kuaga, na ile karatasi ya kubadilisha mwaka aliyonipa nikaikunja mara nne nikaitia mfukoni. Siku tatu nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo. Delphine ananiuliza, "Papa Wence, umelala aje?" nami najibu, "Vizuri, mama," huku naishika karatasi kwenye mfuko. Niliwaza: nikiitoa, nitaishi, lakini sauti hii sitaisikia tena asubuhi. Nisipoitoa, nitaisikia mpaka nife, na pengine si mbali. Kuna wakati niliona hiyo ya pili ndiyo nafuu. Sitadanganya, niliiona nafuu.

Kilichonitoa pale ni jambo la kijinga. Kulikuwa na matanga ya kijana mmoja mtaani kwetu, na watu walikuwa hawalii, walikuwa wanatafuta mchawi. Kwetu mtu hafi na miaka michache bila kuwa na mtu aliyemla. Nikawaza msalaba wa kaburi langu: 1970. Watasema, ee, Wenceslas amekatwa angali kijana, nani amemla? Na watamtafuta wapi huyo mchawi? Watakwenda moja kwa moja kwa ndugu za Florentine, watu wa mto, wale ambao tangu zamani wanashukiwa kwa kila kitu. Watampiga shemeji yangu Émilie, bibi mwenye magongo mawili, kwa kosa la karatasi yangu. Nikasema, la, hapana, hapo sasa imezidi.

Siku ya nne nikaingia kwa Chef Bonheur. Ni kijana wa kweli, miaka thelathini na nane, nilimfundisha mimi mwenyewe kupanga mafaili. Alisoma karatasi mara mbili, akainuka akafunga mlango.

"Papa Wence, hii karatasi sijaiona. Uirudishe kwa mufuko."

"Chef, ninaumwa."

"Nimesikia. Pole sana. Lakini nikipiga cachet hapa, lazima niandike Kinshasa. Nikiandika, batakuja kuhesabu. Unataka bafungue faili ya nani kwanza? Ya Franck? Ya Mama Delphine?" Akashusha sauti. "Sisi wote tunakupenda hapa, papa."

"Basi piga cachet mkinipenda."

Aliishika tena karatasi, akaisoma mara ya tatu. Kisha akamwita Franck alete muhuri, na Franck akasimama pale akiisoma karatasi juu chini. Chef alipogonga, Franck alitoka bila kuuliza ruhusa. Nilipotoka mimi, biro yote ilikuwa imeshajua.

Sikutukanwa. Heri wangenitukana, ningejibu. Asubuhi iliyofuata niliingia nikasema mbote, na kila mmoja akawa na kazi nyingi mezani. Delphine alikuwa anafuta vumbi kwenye dirisha ambalo alilifuta jana. Sikuulizwa nimelala aje. Nilikaa mpaka saa sita, nikachukua kofia yangu, nikaenda. Barua ya pensheni ilinifuata nyumbani mwezi uliofuata, na aliyeileta aliipitisha chini ya mlango, nami nilikuwa ndani.

Kuhusu examen nitasema kidogo, maana si ya kusimulia watu wakiwa wanakula. Unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na siku hiyo choo ndicho chumba chako. Kesho yake nikaenda hospitali, wananiuliza: "Garde-malade wako ni nani?" Nikasema niko peke yangu. Wakasema hapana, unapewa dawa ya usingizi, lazima kuwe na mtu wa kuweka saini, wa kukungoja, wa kukurudisha nyumbani. Hawamlazi mtu asiye na mtu. Nikampigia Franck, simu ikaita mpaka ikachoka. Majirani walikuwa makazini. Nikasimama kwenye korido ile na tumbo tupu, mwenye miaka sitini na saba, natafuta kichwani jina moja tu la kuandika, nikakosa.

"Kuna namna ya kufanya bila usingizi?" nikamwuliza daktari.

"Iko, papa. Lakini itauma."

"Ifanye."

Iliuma. Nililala ubavu nikiangalia utumbo wangu kwenye kioo, mwekundu, unang'aa, na mara nikakiona kile kitu chenyewe, kama uyoga mdogo wa kwenye gogo. Nilimwonyesha daktari kwa kidole, akasema, "Nimekiona, papa, tulia." Akakikata, akakitoa. Nilivaa mwenyewe, nikapanda toleka mwenyewe, nikafungua mlango mwenyewe. Baada ya wiki tatu majibu yakarudi: kilikuwa kimeshaanza kugeuka kibaya lakini kilikuwa hakijatoka mahali pake, na kimekatwa chote. Lydie aliniambia ningengoja miaka miwili, tungekuwa tunaongea mengine. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwomba radhi kwa ile siku niliyoondoka bila kuaga.

Basi nikapona. Nikarudi nyumbani na uzima wangu, na sikujua niupeleke wapi. Naamka, navaa shati la kazi kwa mazoea, nalivua. Naongea na sufuria. Siku moja nilimwuliza muuza mkate amelala aje, akanitazama kama mtu anayetaka deni.

Halafu nikasikia habari iliyonipandisha damu yote ile waliyosema imepungua. Nilikwenda kituoni kwa kipimo cha kurudia, nikamsikia Lydie akimwuliza mtu mwingine: "Miaka ya carte, ao miaka ya mama yako?" Nikauliza ni nini hiyo. Akaeleza: kwa sababu yangu, watu wa mradi wamebadilisha utaratibu. Sasa mashine inapewa miaka ya kweli, kwenye daftari la siri la kituo, na karatasi ya biro inabaki na miaka yake. Hakuna cachet tena wala chef.

"Sasa mimi?" nikasema. "Mimi nilipoteza kiti changu, nilipoteza watu wangu wote, na hawa wanapita bure?"

"Ndiyo, papa," akasema Lydie, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Wewe njo ulifungua mulango."

Mlango! Nilirudi nyumbani nikipiga mawe kwa kiatu njia nzima. Mungu anisamehe, siku hiyo nilitamani ningenyamaza.

Wiki jana, Jumanne asubuhi, nikasikia hodi. Nikafungua: Madame Delphine. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani vibaya, upande mmoja umeshuka.

"Sikuya kukusalimia," akasema. "Bado nimekukasirikia. Batu ya Kinshasa bamekuya mara mbili, hatulali."

"Karibu ukae."

"Sikai." Akabaki mlangoni. "Nilienda kwa ule mutoto wa miwani. Nilimuambia ya kweli, 1961. Mashine ikawa rouge, nyekundu." Akakivuta kitambaa kichwani, kikashuka tena. "Examen iko leo. Banasema nilete mutu. Watoto wangu hawajui miaka yangu, Papa Wence. Nitaanzia wapi? Mutu mwenye anajua ni weye tu."

Maneno niliyokuwa nimemwekea miezi mitano, na yalikuwa mengi, na yalikuwa makali, sikuyaona. Nilivaa shati.

Kule hospitali walikuwa wameshamvalisha gauni la wagonjwa. Mwuguzi wa mapokezi akaja na karatasi, akaniangalia, akamwangalia.

"Garde-malade ni huyu papa? Ni nani yako?"

Delphine akaangalia sakafu.

"Ni collègue, mwenzangu wa biro," akasema.

Mwuguzi akaandika. "Namba yake ya simu?"

Nikaingiza mkono mfukoni nitoe simu, nimsomee. Lakini Delphine, ambaye hakunipigia hata mara moja tangu siku ile ya cachet, alikuwa ameshaanza kuitaja, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa kichwa, mpaka ya mwisho. Nikageukia ukutani, nikalia pale mbele ya watu, na sikujificha.